Amplifaya ya mtumba usiiwashe kwanza: namna ninavyonunua na kutibu pawa amp za zamani hapa Mwanza

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja kaniletea pawa amplifaya ya Kijapani kaifunga kwenye kanga, anahema kwelikweli maana ile kitu ni kama kilo kumi na nane na kapanda nayo daladala toka Mlango Mmoja mpaka kwangu Buzuruga. Kainunua saa tatu asubuhi, saa saba mchana ikawa inanuka. Hakufanya kitu cha ajabu, kafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanyaga, kafika nyumbani kachomeka, kaunga spika, kawasha, kapandisha sauti. Dakika kumi tu chaneli ya kulia ikakata. Mashine imeishi miaka arobaini, imevuka bahari ndani ya kontena, imekuja kufia sebuleni siku ya kwanza.

Ndo maana naandika huu mwongozo. Kwa muda niliokaa na hizi mashine, zile zinazokufa kwa uzee nimeziona chache, nyingi zinauliwa siku ile ya kwanza ya kuwashwa. Kwa hiyo utaona hatua nyingi hapa chini zinafanyika kabla hujagusa swichi. Nitaitumia hiyo mashine ya huyo kijana kama mfano maana ilikuwa na karibu kila kitu.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta

Pawa amp ni ile isiyokuwa na redio, haina mahali pa kuchagua CD wala santuri, mara nyingi hata kitasa cha sauti haina. Inapokea sauti ndogo inaikuza basi. Kwa hiyo unahitaji priampu, kile kifaa cha mbele chenye kitasa cha sauti, au unaweza kuunga simu moja kwa moja kwa waya wa RCA, nyingi zinataka kama volti 1 hivi kufika mwisho wa nguvu yake na simu itakupa karibu na hapo au chini kidogo, ila kumbuka breki pekee ni sauti ya simu yako, anza nayo chini kabisa.

Za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 ndo nyingi sokoni, Pioneer, Sansui, Technics, Yamaha, Kenwood, Marantz, Denon, zote zina mashine nzuri na zote zina mashine za kawaida, jina peke yake lisikulevye. Za Uingereza zinakuja chache lakini zina faida moja kubwa kwetu, zilitengenezwa kwa umeme wa volti 240, mfano Quad 405 ile ya miaka ya 1970, japo za mwanzo zina soketi za DIN badala ya RCA, utahitaji waya wa kubadilisha.

Kuna aina mbili nakushauri uziache. Moja ni zile zinazotumia transista za V-FET, Yamaha na Sony walitoa za hivyo miaka ya 1970 katikati, mziki wake mtamu sana lakini transista zikifa ndo imeisha, hazitengenezwi tena miaka mingi. Ya pili ni zile zenye moduli za STK, chipu moja nene iliyobeba saketi ya kukuza sauti badala ya transista moja moja, kama ni mbovu. Kama ni nzima na bei ni ya chini chukua, ila kama STK imeungua utahangaika kupata halisi, madukani zimejaa feki.

Hatua ya 2: Sokoni soma kibao cha nyuma, achana na plagi

Hapa ndo pesa inapookolewa au kupotea. Geuza mashine usome kibao cha nyuma kimeandika volti ngapi. AC 100V hiyo ni ya Japani kwa matumizi ya ndani. AC 120V 60Hz ya Marekani. 220V ya Ulaya, 240V ya Uingereza. Zingine zina kitufe cha kuchagua volti nyuma, hizo ndo bahati, hakikisha kimekaa kwenye 220 au 240 kabla ya lolote.

Plagi usiiamini hata kidogo. Wauzaji wanakata plagi bapa ya Japani wanafunga ya pini tatu ili ionekane ya hapa, sio kwamba wana nia mbaya wote, wengine wanaona plagi haiingii ukutani wanabadilisha tu. Mashine ya 100V ukiichomeka kwenye 230 haichukui hata sekunde mbili. Na kama kibao kimefutika au kimebanduliwa, nunua kwa bei ya vipuri au acha.

Nendaga sokoni na vitu vitatu, bisibisi ya nyota, tochi na multimita. Na naombaga ruhusa. Juzi juzi tu nimesema na mzee mmoja muuzaji:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo jiwe hiyo, iwashe uisikie."

"Asante mzee, kabla sijawasha naomba nifungue kava nione ndani."

"Fungua tu, ila skrubu zangu usipoteze."

Muuzaji wa hivyo ni wa kurudi kwake. Akikataa usifungue kava kabisa, mshukuru uondoke, zipo zingine.

Kabla ya kufungua angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa ujue kuna fundi kashaingia. Itikise taratibu usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Inuse matunduni, harufu ya kuungua haitokagi haraka, inakaa hata miezi. Na ipime uzito kwa mkono, pawa amp ya kweli nzito ipo upande mmoja, pale penye transfoma. Siku hizi kuna maboksi mapya yana mita za mshale kubwa zinacheza vizuri kwa mbele, ukinyanyua ni jepesi kama boksi la viatu, hilo halina kitu.

Ukishafungua, mashine ikiwa haijachomekwa, fanya vipimo viwili. Cha kwanza weka mita kwenye omu, shika pini mbili za plagi, bonyeza swichi ya kuwasha. Ukipata omu chache transfoma ina uzima upande wa umeme, mashine kubwa inaweza kusoma hata chini ya 3. Ikiwa haisomi kitu ni fyuzi, swichi, au transfoma yenyewe imekata. Cha pili weka mita kwenye dayodi, gusa kolekta na emita, miguu miwili kati ya mitatu ya transista, wa tatu ni beisi, kwa kila transista kubwa iliyofungwa kwenye hitisinki, lile bamba la chuma la kutolea joto. Ikilia piii na kusoma karibu na sifuri hiyo ni shoti. Zile za chuma zenye umbo la yai lililobanwa, TO-3 tunaziita, kasha lenyewe ndo kolekta. Dakika tano tu umeshajua kama unanunua mashine au unanunua kazi.

Angalia na fyuzi kwa macho. Mashine ya huyu kijana fyuzi yake ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hicho kitu kikikutokea ujue kuna ugonjwa ulikuwepo, mtu kauficha.

Hatua ya 3: Hesabu ya stepdauni

Naomba hapa usome taratibu kwa sababu ndipo mashine nyingi za Kijapani zinapofia huku kwetu, hata mikononi mwa watu waangalifu.

Watu wakiona 100V wanaenda kununua stepdauni, yaani transfoma ya kushusha volti, dukani, imeandikwa 220 kwenda 110, wanajua wamemaliza. Ile stepdauni inagawa kwa mbili tu, haijui wewe unataka ngapi. Umeme wa ukutani ukiwa 242 inakutolea 121. Mashine ilitengenezwa kwa 100, sasa unailisha zaidi ya asilimia 20 juu. Volti za ndani nazo zinapanda hivyo hivyo, kama zilikuwa 50 chanya na 50 hasi zinakuwa 60 na kidogo, na kapasita zake kubwa, yale makopo yanayohifadhi umeme ndani, zimeandikwa volti 63. Umebakiza volti mbili na nusu hivi kabla kapasita haijavimba. Na kwangu usiku majirani wakishazima vitu vyao nimewahi kusoma 250 ukutani.

Ndo kilichompata kijana. Stepdauni alikuwa nayo, mpya, na bado.

Suluhisho zipo mbili. Tafuta stepdauni iliyoandikwa kabisa 230 au 240 kwenda 100, au nenda kwa mafundi wanaosuka mota na transfoma, wape kibao cha mashine, waambie nataka iingie 240 itoke 100, wanasuka vizuri tu. Ukubwa wake angalia wati zilizoandikwa nyuma ya mashine, chukua mara mbili yake ili isichemke. Kusuka upya transfoma ya ndani ya mashine yenyewe mimi sishauri, ukikosea umeua moyo wake na kuipata nyingine ya namba hiyo hiyo ni shida.

Kwa mashine ya Marekani ya 120V stepdauni ya kawaida inafaa kabisa, ila zile zilizoandikwa 60Hz peke yake transfoma inaweza kuvuma na kupata joto zaidi kwenye umeme wetu wa 50Hz. Za Japani hazina hilo tatizo, kule wana 50 upande mmoja wa nchi na 60 upande mwingine, ndo maana zimeandikwa zote mbili.

Hatua ya 4: Safisha na uangalie kwa macho

Fungua kava nyumbani mchana kwenye mwanga. Kama mashine imewahi kuwashwa siku hiyo, kapasita kubwa zina umeme umelala ndani hata plagi ukiwa umechomoa. Usizipige shoti kwa bisibisi, inatoboa na inaharibu kapasita. Chukua rizista ya omu 100 ya wati 10, funga waya miguuni, shikilia kwenye miguu ya kapasita sekunde tano, halafu pima kwa mita uhakikishe. Kati ya chanya na hasi ya mashine kubwa unapata zaidi ya volti 100 za DC, hiyo inaua mtu, fanya kila mara hata kama una haraka.

Mashine zilizokaa karibu na ziwa zina ugonjwa wao. Nilishafungua moja iliyotoka Ukerewe, chini ya hitisinki kulikuwa na tabaka kama unga wa kahawa uliokandamizwa, nikajua ni vumbi, nikakuna kwa kijiti nikaona mabawa. Wale wadudu wa ziwani wanaokujaga kama moshi, wanafuata taa, wanaingia matunduni wanafia ndani kwa maelfu, unyevu ukiongezeka ile takataka inapitisha umeme. Toa kwa brashi kavu ya rangi na pampu ya upepo, halafu futa kwa spiriti. Mende nao wanapenda hizi mashine kwa sababu ya joto, kinyesi chao kinakula njia za shaba kwenye bodi. Mayai ya mjusi pia toa.

Kisha tafuta gundi. Mashine za miaka hiyo kiwandani walikuwa wanashikiza kapasita kubwa kwa gundi ya rangi ya njano, ikizeeka na kupata joto inakuwa ya kahawia, ngumu kama sukari guru, na inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya rizista na dayodi zilizo jirani. Watu wengi wanadhani kapasita imevuja. Lainisha kwa asetoni kidogo, kwangua kwa kijiti cha mwanzi, na kila mguu uliokuwa chini yake uangalie kama umegeuka kijani au mweusi. Kazi hii inachosha lakini nimewahi kuponya chaneli inayokwaruza kwa kutoa gundi tu, sikubadilisha hata kifaa kimoja.

Angalia na lehemu. Penye vifaa vya moto utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, hapo lehemu imepasuka. Chomea upya kwa risasi mpya.

Hatua ya 5: Globu

Sasa ndo tunawasha, lakini kwa globu. Chukua globu ya zamani ya waya, wati 60 au 100. LED haifai kwa hii kazi, lazima iwe ya waya unaowaka. Madukani zimekuwa adimu, waulize wanaolea vifaranga, wao bado wanazo kwa ajili ya joto. Funga holda kwenye ubao, unga kwa mfuatano, waya wa moto unaingia kwenye globu kwanza, ukitoka ndo unaenda kwenye soketi utakayochomeka mashine. Kama unatumia stepdauni, globu inakaa upande wa 230 kabla ya stepdauni.

Spika usiunge. Waya wa sauti usiunge. Washa.

Mashine nzima inafanya hivi: globu inawaka kwa nguvu nusu sekunde kapasita zinapojaa, halafu inafifia mpaka unabaki uzi mwekundu ndani, au inazima kabisa. Ikibaki inawaka kwa nguvu bila kushuka, zima, kuna shoti, na hujaunguza kitu chochote kwa sababu globu imebeba mzigo wote. Hicho kiubao gharama yake ni soda kadhaa na kimeniokolea transista nyingi mno.

Kwa ile mashine ya kijana globu iliwaka kama taa ya chumbani. Nikazima.

Hatua ya 6: Pima DC kwenye njia ya spika

Ikipita kwenye globu, weka mita kwenye milivolti DC. Pima kati ya chanya na hasi ya spika kila chaneli, ukiwa bado hujaunga spika. Chini ya 50 ni nzuri, mpaka 100 inavumilika, juu ya hapo kuna kazi. Ukiona volti kamili, mfano 40 na kitu, ukiunga spika koili yake inaungua hapo hapo.

Lakini mashine nyingi zina rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ya kulinda spika, ile inayolia tik sekunde tatu mpaka tano baada ya kuwasha. Kama haijalia, nyuma kwenye spika utapima sifuri na utadanganyika kuwa ni nzima. Pima kabla ya rilei, pale rizista mbili nyeupe za simenti zinapokutana kwenye kila chaneli, ukilinganisha na ardhi ya mashine. Kama zote mbili ni karibu na sifuri na tik haipo, basi amp yenyewe inaweza kuwa nzima, ugonjwa uko kwenye rilei au saketi yake, mara nyingi kikapasita kidogo kimekauka au umeme wa koili haufiki. Kumbuka pia ukiwa kwenye globu zingine haziliagi tik kwa sababu volti za ndani ziko chini, usipaniki, kama vipimo viko sawa toa globu urudie.

Hatua ya 7: Magonjwa ninayokutana nayo

Chaneli inakuja na kuondoka, ukipandisha sauti inafufuka, ukishusha inakufa. Hiyo karibu kila mara ni rilei, chuma zake za ndani zimeota weusi. Kata karatasi ngumu safi, iloweshe spiriti, ipitishe katikati ya chuma huku umezibana kidogo, vuta mara kadhaa. Msasa usitumie, unatoa lile tabaka jembamba la juu linalozuia kutu na baada ya mwezi utarudi pale pale. Dawa ya kudumu ni rilei mpya yenye volti sawa za koili, nyingi ni 24.

Mvumo. Zima, chomoa waya za RCA, washa tena. Ukiisha, tatizo ni waya au kifaa unachokiunga, mara nyingi ardhi inazunguka kati ya vifaa viwili vilivyochomekwa sehemu tofauti, vichomeke extension moja. Ukibaki kwenye chaneli zote hata bila waya, ndo uangalie kapasita kubwa za pawa. Zipo zinazovimba kichwa, lakini zipo zilizokauka bila alama. Kama unatumia invata ya sola ya bei ya chini isiyotoa wimbi safi, transfoma itanguruma na mziki utakuwa na kelele, hapo mashine haina kosa.

Kukwaruza ukizungusha kitasa au kubonyeza swichi ni uchafu. Tumia spray ya kusafisha kontakti yenyewe, ile dawa ya kulegeza skrubu haifai, inaacha mafuta yanayoshika vumbi.

Transista zilizoungua, hapa turudi kwa kijana. Nilipima chaneli ya kushoto kwenye dayodi, beisi kwenda emita 0.53, kwenda kolekta 0.52, kolekta na emita hakuna kitu, nzima. Kulia zote mbili zilisoma 0.003 kila upande. Mtu mwenye haraka angebadilisha hizo mbili akawasha, zingeungua tena palepale, kwa sababu transista kubwa zikifa haziendagi peke yake. Nilipima rizista za simenti za omu 0.22, moja ilikuwa imekata. Draiva moja, transista ndogo inayosukuma zile kubwa, ilikuwa shoti. Rizista ya beisi ilikuwa imegeuka nyeusi. Na trima ya bayasi, ile rizista ndogo ya kuzungusha inayopanga umeme kidogo unaopita kwenye transista hata bila mziki, ya kizamani ya wazi, ilikuwa na kutu kiasi kwamba ukiigusa kwa kijiti inapoteza mguso, na kwenye saketi nyingi ikipoteza mguso bayasi inapanda juu kabisa na transista zinajikaanga. Ongeza volti zilizozidi na fyuzi ya karatasi ya sigara, ndo hivyo.

Fyuzi halisi ingeweza kuokoa mengi hapo. Rudisha namba ileile iliyoandikwa kwenye bodi, sio kubwa zaidi.

Kuhusu transista mpya, feki ni nyingi sana hasa zile maarufu kama 2SC5200 na mwenzake 2SA1943. Niliwahi kuvunja feki kwa koleo kuona ndani, kile kipande cha silikoni kilikuwa kama punje ya ulezi kimekaa katikati ya bamba. Halisi iliyokuwa imekufa nikavunja pia, kipande chake kilikuwa kama punje ya mahindi. Hiyo punje ndo inabeba moto wote. Bei ikiwa ya kushangaza kwa udogo, usinunue. Kama una mashine nyingine iliyokufa transfoma, transista zake za zamani zilizopimwa nzima ni bora kuliko mpya usiyoijua.

Ukifunga transista mpya weka karatasi ya maika inayozuia umeme na mafuta ya joto meupe, kidogo tu yaenee. Halafu kabla ya kuwasha pima kati ya kolekta na hitisinki, isilie kabisa. Ikilia, maika imetoboka au kuna unyuzi wa chuma umebanwa, fungua urudie. Na badilisha zote mbili za chaneli, ile inayoonekana nzima imeshapigwa joto pamoja na mwenzake.

Hatua ya 8: Bayasi

Tafuta mwongozo wa fundi wa mashine yako mtandaoni, nyingi za zamani zipo kwenye tovuti kama HiFi Engine. Humo kuna namba ya bayasi. Kabla ya kugusa trima weka alama ya wino pale ilipokuwa, na kama ni ya wazi na ina kutu weka mpya yenye omu zile zile, ianzie upande wa bayasi ndogo, mwongozo utakuonyesha ni upande upi.

Unapima milivolti juu ya rizista za simenti. Mfano kati ya emita na emita kuna rizista mbili za 0.22, jumla 0.44. Ukisoma milivolti 20 gawanya kwa 0.44, unapata kama milliampia 45, kwa mashine nyingi hapo ni eneo zuri ila fuata mwongozo wako. Fanya bila globu, bila spika, zungusha taratibu mno, halafu acha iwake nusu saa na upime tena kwa sababu ikipata joto namba inatembea. Hitisinki iwe vuguvugu, mkono ukae bila shida.

Hatua ya 9: Spika na nyumba yako

Spika ya kwanza kuunga iwe ile usiyoililia. Dakika kumi, sauti ndogo, chaneli zote. Ikikaa sawa ndo uweke spika zako.

Soma nyuma omu ngapi inaruhusu. Spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba kwenye chaneli moja zinakuwa 4, ukiunga mbili za gari za 4 zinakuwa 2, na mashine nyingi za zamani hazitaki kabisa. Nimepokea mashine nyingi Jumatatu asubuhi zilizotoka kwenye kipaimara au send-off, mtu kaunga spika nne kaziona zote zinalia kafurahi, saa nne usiku kimya.

Weka gadi ya friji kwenye soketi, ile inayochelewesha umeme ukirudi na kukata ukizidi. Na radi zikianza kuunguruma upande wa ziwani chomoa kabisa, gadi haizuii radi, na huku kwetu radi ni nyingi kuliko sehemu nyingi duniani.

Ya kijana ilitoka Ijumaa. Ilikaa mezani saa tatu inapiga rumba taratibu, DC milivolti 12 kushoto na 19 kulia, bayasi haikutembea. Stepdauni yake ya dukani nimemwambia aiweke kwa ajili ya kifaa cha Marekani, hii kasukiwa ya 100. Kwake ni Kirumba karibu kabisa na maji, kwa hiyo nikamwonyesha pa kuiweka, mbali na dirisha, mbali na taa inayoachwa usiku, na akishazima asubiri ipoe ndo aifunike kwa ileile kanga aliyokuja nayo, asubuhi aikung'ute nje kabla ya kuwasha.